Walifuta Choo cha Mama kwenye Bajeti

Admin, naomba ufiche jina langu, na kijiji chetu pia usikitaje, maana kaka yangu ana watu wake kila mahali. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na saba. Ndoa ilinishinda, nikarudi kwetu, upande wa Birongo, na huu ni mwaka wa nne namtunza mama yetu mzazi. Mimi na watoto tunalala kwenye jiko la zamani hapo bomani, na kaka yangu mkubwa hachoki kunikumbusha kwamba nimekaribishwa tu.

Mama anakaribia miaka themanini. Aliumia nyonga alipoteleza akienda choo cha shimo, ambacho kiko chini kabisa kwenye migomba, na mvua ya huku mnaijua. Tangu siku hiyo anatumia ndoo. Mimi ndiye huimwaga, na sioni kinyaa hata kidogo, ni mama yangu. Anayeona haya ni yeye. Huniambia nigeuke nitazame ukutani, kisha anasema "pole mwanangu, pole," kana kwamba ameniibia kitu.

Basi mwaka huu niliwaomba ndugu zangu tumjengee chumba kimoja bustanini, nyuma ya nyumba, dirisha litazame mboga zake za chinsaga. Kaka mkubwa yuko Nairobi, ana kazi nzuri na ni mzee wa kanisa. Akasema sawa, nilete bajeti. Niliketi na fundi tukaandika kila kitu: mawe, simiti, mabati, dirisha kubwa, na choo cha ndani chenye chuma cha kushikilia ukutani. Nikaituma kwenye grupu ya familia. Siku hiyo nilipika chai nikiimba, Mungu Nyasae ni shahidi.

Siku ya tatu bajeti ilirudi. Choo kimefutwa. Nikapiga simu. "Kaka, choo ndicho tunachojengea hiki chumba!"

Akanijibu bila hata kushtuka, "Dada, tuseme ukweli. Mama atakitumia kwa muda gani? Ndoo si iko?"

Ndoo si iko! Mtu mwenye vyoo vitatu kwake, kimoja cha wageni tu! Na pale alipofuta choo alikuwa ameongeza mlango mpana wa kufunguka pande mbili, veranda ndefu, na vigae vya hiyo veranda. Chumba chenyewe akakihamisha kutoka nyuma akakileta mbele, kielekee barabara. Hata kule nyuma chinsaga zote zilifyekwa ili pasawazishwe pa kuwekea mawe na mchanga. Mama alizitazama zikirushwa kando, akasema labda zitaota kwingine. Nikadhani ni maringo ya watu wa mjini. Nikaacha yaendelee, kwa sababu pesa ni zake.

Wiki iliyopita fundi alikuwa akipima fremu, nikamtania. "Kwani chumba cha mama mzee mmoja kinataka mlango wa kanisa? Si baridi itamuua?" Fundi hakucheka. Aliangalia chini, akaniita Mama Fulani, jina la mwanangu nalificha, akasema, "Mimi niliambiwa tu. Bosi anataka jeneza lipite limenyooka, lisiinamishwe kama la mzee wenu. Na hapa mbele ndipo hema zitasimama."

Ptuu! Nilitema mate hapo hapo kwenye kokoto. Mama alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka tulipo, anachambua maharagwe, anamweleza jirani jinsi wanawe wanavyompenda. Nikakimbilia nyuma ya nyumba nikatapika chai yote.

Nikampigia kaka. Nilitaka akane, hata anidanganye. Wapi! "Wewe unafikiria leo," akasema. "Mimi nafikiria siku watu watakapokuja hapo. Wenzangu wa kazini, wachungaji. Unataka tuaibike tena kama siku ya kumzika Baba?" Mtu anampima mamake mlango wa kutokea na bado anakula chakula chake vizuri. Na Sabato moja alipokuja nyumbani, kabla sijajua haya, alisimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba amemjengea mama yake nyumba, watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia, kwa sauti. Nikikumbuka najiona mchafu.

Sasa tatizo langu ni hili. Kaka amenitumia elfu sitini za vigae vya veranda, ziko kwenye simu yangu. Fundi ameniambia pole pole kwamba pesa hizo zinatosha kuchimba shimo nyuma na kumwekea Mama choo cha ndani, ila veranda itabaki simiti tupu. Sabato ya mwisho wa mwezi kaka anakuja na wachungaji kukibariki chumba. Akikuta hakuna vigae atasema nimekula pesa, na atanifukuza na watoto wangu, namjua. Nikifukuzwa, nani atamwinua Mama asubuhi? Nikitii, nitamwaga ndoo mbele ya vigae vya watu wa matanga.

Jana Mama aliomba nimpeleke aone. Aliingia akinishika bega, akausifu ule mlango, akasema hajawahi kupewa heshima kama hiyo. Kisha akazunguka polepole akipapasa kuta, moja baada ya nyingine, mpaka akamaliza zote nne. Akaniuliza, "Mlango wa choo mmeuweka wapi?" Nikamwambia fundi bado hajamaliza. Akasema, "Mwambie asiharakishe, mimi nitangoja." Halafu akaniomba ndoo.

Ndugu zangu, fundi anakuja Jumatatu asubuhi na ataniuliza aanze na nini. Nimwambie vigae au nimwambie choo? Nishaurini, kwa maana akili yangu imefika mwisho.