Habari Iliyopelekwa Mwakirunge

Asubuhi moja, nikinywa chai kwenye kibanda cha mbaazi na mahamri huku Kisauni, niliona simu moja ikipita mkono kwa mkono, ikiwa na habari hii: Bendi kubwa ya roki, iliyovunjika miaka mingi iliyopita kwa ugomvi, imepatana, na ndiyo itakayofunga tamasha kubwa huko Ulaya.

Vijana walicheka kwamba wazee wale watapanda jukwaani na mikongojo. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, aliyevaa fulana iliyopauka ya bendi hiyo, hakucheka. Alisoma habari yote, akairudisha simu kwa mikono miwili, kisha akamwomba mama muuzaji amfungie mahamri yake.

"Waenda wapi, na chai bado moto?"

"Mwakirunge, mama. Kwa kaka."

Kaka yake amezikwa huko. Walikuwa wakiisikiliza bendi hiyo pamoja tangu utoto. Na kwetu Wagiriama, jambo kubwa likitokea, marehemu huambiwa kaburini kwake.

"Wewe si umeokoka?" mama akamuuliza.

"Nimeokoka," alijibu taratibu. "Lakini kaka alikufa akijua bado wamegombana."

Mama aliongeza hamri moja, akayafunga yote kwa gazeti kuukuu, akampa.

Gazeti lenyewe lilikuwa hili letu ninaloliandikia, la juma lililopita. Nilijaribu kukumbuka tuliandika nini humo. Sikupata habari hata moja ambayo mtu angeacha chai yake aipeleke kaburini.