Vitabu Kwenye Kamba za Dobi

Mtunza maktaba wa mtaa wetu alikuwa mwanamke mkimya aliyepita miaka hamsini, na watoto walimpachika jina la Mama Shii. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha chumba kile peke yake, akipanga vitabu, akishona majalada, akibeba maboksi. Ukimwambia, "Mama, nikupokee," alikujibu, "Nimeshamaliza," hata kama ndiyo kwanza anaanza.

Jumatatu moja asubuhi alifungua mlango, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Bomba la ghorofa ya juu lilikuwa limepasuka tangu Jumapili bila mtu kujua. Rafu zilichuruzika. Vitabu vilikuwa vimevimba kama mikate.

Alifunga maji, akapandisha gauni, akaanza kutoa vitabu kimoja kimoja. Kufika saa nne alikuwa ameokoa rafu mbili kati ya thelathini, na kiuno kimeshakataa. Akajua fika: karatasi mbichi ikilala siku mbili tatu, inaota ukungu. Peke yake asingemaliza hata kwa wiki mbili.

Akavuka barabara hadi kwa dobi. Walikuwa watu wa kusalimiana tu, basi. Alisimama mlangoni.

"Kaka, nimekwama," alisema mwishowe. "Naomba unisaidie."

Dobi alisimamisha pasi. "Umekwama na nini, dada?"

Alipoelezwa, dobi alichomoa pasi. Alianua nguo zote za wateja, akafungua kamba zake, akazivuta kutoka mlangoni kwake hadi kwenye nguzo za maktaba.

Hapo Mama Shii akapata moyo wa kuomba tena. Aliwahi kusoma kwamba kitabu cha picha, chenye karatasi za kung'aa, kikigandishwa mapema kurasa zake hazinatani. Akaenda kwa muuza samaki.

"Una nafasi kwenye friza?"

"Ya nini?"

"Ya vitabu."

Muuza samaki akaanza kuhamisha barafu.

Habari zikatembea zenyewe. Msusi alikuja na drai nne za nywele. Mafundi wa gereji walinawa grisi hadi viwiko, wakapanga mstari, vitabu vikapita mkono kwa mkono. Mchana, Mama Shii alitoka nje kuvuta pumzi, akasimama pale pale. Kamba zilikuwa zimejaa kutoka nguzo hadi nguzo. Upepo ukapita, na kurasa maelfu zikafunguka kwa pamoja juu ya vichwa vya watu. Watu wote hawa walikuwa wapi? Walikuwa hapa hapa, hatua ishirini kutoka mezani kwake.

"Mama," msusi aliita, drai mkononi, "huyu daktari aliyemkimbia mchumba wake, alirudi?"

"Kausha ukurasa unaofuata, utajua."

Mtaa mzima ukacheka. Dobi akasogea karibu.

"Dada, miaka yote hii nakuona unahangaika na mizigo. Nilitaka kuja. Niliogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza," alisema, akamsogezea ncha moja ya boksi.

Vitabu arobaini na kimoja havikupona. Vingine vyote vimerudi kwenye rafu, vimejikunja kunja. Vile vya picha vinanukia samaki mpaka leo, na ndivyo watu wanavyovigombania.