Niliambiwa Nilete Kichwa

Ile Alhamisi naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, maana ndiyo siku niliyoingia Kariakoo nimebeba kichwa kisichotakiwa, na watu wakanicheka mpaka mmoja akashindwa kusimama. Nilikuwa na miaka kumi na sita, siku tano tu tangu nishuke kutoka Newala. Nilifikia kwa shangazi yangu, Bi Somoe binti Saidi, Mungu amrehemu, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu. Alikuwa akishonea kwenye baraza ya duka moja la vifungo na nyuzi.

Siku hiyo mkononi alikuwa na gauni la harusi la Mwajuma, binti wa Bi Tatu. Mwajuma alikuwa anaolewa kesho yake, na jioni ya Alhamisi ile ile, kabla ya magharibi, apelekwe Magomeni kwa bibi yake akakae ndani na kupambwa. Kwa hiyo gauni lilitakiwa liwe tayari jua halijazama. Kiwiliwili kilikuwa kimeshashonwa, ila mikono ilikuwa bado haijaingizwa na pindo lilikuwa wazi. Shangazi alikaa anashikiza kwa sindano ya mkono, na meza ya cherehani iko kando yake, imefunikwa kitambaa cha maua. Chini ya kile kitambaa kulikuwa na nini, mimi sikujua wala sikufunua.

Asubuhi akaniita.

“Zainabu, kimbia Feri, muulizie Mzee Chande. Mwambie Bi Somoe anataka kichwa chake.”

“Haya, shangazi.”

“Uangalie wasikubadilishie, mimi kichwa changu nakijua. Na ukifunge gazeti, kisipigwe vumbi njiani.”

“Haya, shangazi.”

Nikaondoka. Sasa wewe utaniuliza, mbona hukumuuliza kichwa gani? Nitakwambia ukweli. Jana yake nilikuwa nimeuliza kitu, tena kitu kidogo tu, kwa nini watu wa mtaa ule wananunua maji na bomba lipo. Salma, binti wa mwenye duka, akacheka akawaambia wenzake, “Huyu vumbi la Newala bado liko miguuni.” Likaniuma. Nikajiapia kwamba mimi tena mjini hapa siulizi, nitaitikia tu kama mtu anayejua.

Feri nilikuwa nimeisikia ni soko la samaki. Na ukitumwa soko la samaki ukalete kichwa, ni cha nini kama si samaki? Nilimuona shangazi ni mtu wa supu, basi.

Nimefika pale, samaki wanakatwa kwa mapanga, watu wanapiga kelele za mnada, nikamuulizia Mzee Chande. Mchuuzi mmoja mwenye kidevu kirefu, jina lake Hamisi, akanijibu bila kuinua macho.

“Chande kapanda pantoni, kaenda Kigamboni. Mpaka adhuhuri. Unamtakia nini?”

“Nimetumwa kichwa. Cha Bi Somoe, fundi wa Sikukuu.”

“Somoe yule aliyemshonea mke wangu? Sasa kichwa nacho mpaka umngojee Chande? Chagua hapo, binti. Mpelekee, mwambie ni zawadi ya Hamisi.”

Nikachagua, mwanangu, kwa uangalifu wote niliousiwa. Nikatazama macho, yanang'aa. Nikafunua mashavu, ndani mekundu. Kilikuwa kichwa cha chewa, kikubwa kushinda sufuria yetu. Nikakifunga gazeti mara mbili kisipigwe vumbi, nikarudi kwa miguu na furaha yangu.

Nafika barazani, namkuta Bi Tatu amekaa kwenye mkeka, amekuja kuliulizia gauni. Salma naye yupo, anapanga vifungo. Shangazi aliponiona tu akavuta kile kitambaa cha maua, na mimi ndipo nikaona meza ina tundu katikati, tupu.

“Umekipata?”

“Nimekipata, shangazi. Tena kizuri, cha leo leo.”

“Cha leo kivipi?” Akafungua gazeti.

Chewa akamtazama.

Bi Tatu akainama, akakitazama vizuri, akasema taratibu, “Somoe, mwanangu utamshonea kwa meno haya? Maana naona yapo ya kutosha.” Salma aliangua kicheko akamwaga vifungo vyote, akaketi chini palepale.

Cherehani Newala nilikuwa nimeiona. Lakini kwamba ile mashine yenyewe ya juu inaitwa kichwa, na kwamba kichwa kinang'olewa kwenye meza kikapelekwa kwa fundi kama mgonjwa, hilo lilikuwa halijanifikia. Mzee Chande hakuwa muuza samaki. Alikuwa fundi wa mashine, kibanda chake kiko nyuma ya soko.

Shangazi peke yake hakucheka. Alitazama jua, akatazama ile mikono ya gauni iliyolala mapajani mwake. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa.

“Nilikwambia kichwa gani?”

“Hukuniambia, shangazi.”

“Hilo ni kosa langu. Na wewe uliuliza?”

Machozi yakanitoka.

“Umeniambia haya mara mbili,” akasema. “Nikadhani ni haya ya kukubali. Kumbe ni haya ya kuona haya. Sasa sikia, Zainabu. Haya yako wewe inataka kumtoa Mwajuma na kanga siku ya harusi yake. Mtu akikucheka kwa kuuliza, anakucheka wewe peke yako. Usipouliza, analia mwingine. Futa uso, urudi.”

Nilirudi Feri mbio mpaka mbavu zikaniuma. Mzee Chande nikamkuta kibandani, mikono imejaa mafuta.

“Shikamoo, Mzee Chande. Nimetumwa na Bi Somoe, fundi wa Mtaa wa Sikukuu, kuchukua kichwa cha cherehani yake, kile cheusi kilicholetwa kutengenezwa.”

“Marahaba. Nimesikia ulishachukua kimoja asubuhi. Nacho kinashona?”

“Hakishoni, babu. Kinapikwa.”

Akacheka, akanifungia kichwa chenyewe kwenye gunia. Kizito hicho, mwanangu, chuma kitupu. Nikazungusha kanga kuwa kata, nikakitwika. Nimebeba kichwa juu ya kichwa, na safari hii nilijua vyote viwili ni vya nini.

Alasiri haijaisha kichwa kikawa mezani, mkanda umefungwa, na mguu wa shangazi uko kazini. Nilimshikia kitambaa kisiburuzike. Salma akawasha jiko, maana chewa wa Hamisi asingetupwa, na Bi Tatu akangojea gauni la mwanawe huku anakunywa supu, anasifu ndimu. Mwajuma alipokuja kulijaribu, mikono ilikaa kama alizaliwa nayo. Akatoka kwenda Magomeni na gauni lake begani, adhana ya magharibi inaanza.

Tangu siku ile nimekutana na vichwa vingi. Marehemu babu yenu Rashidi alikuwa mtu wa reli. Akirudi akasema kichwa kimekwama Ruvu, najua ni cha treni, hakuna wa kumpelekea dawa. Konda akisema bado vichwa vitatu tuondoke, hao ni watu wazima na miguu yao. Jirani yangu Mama Eliza, msusi, husema leo nina vichwa vinne na mgongo wangu ni mmoja. Mjukuu wangu Idrisa aliniambia kuna mwenzake darasani ni kichwa. Nikamuuliza, kichwa cha nini? Akasema, “Bibi, yaani ana akili.” Neno ni lile lile. Kila kazi imelichukua ikalivalisha nguo zake.

Wiki hii Latifa, binti wa mwanangu Mwanahawa, ameanza kazi kwenye duka la kuchapisha kadi na mabango, Gerezani. Kanijia amenuna. “Bibi, maneno yao nayajua yote, ila siyaelewi.” Mkubwa wake kamwambia safisha kichwa. Naye kaitikia, kasimama na kitambaa cha maji mkononi, hajui aanzie wapi katika ile mashine ya kuchapia, na kadi za watu zinangoja. Nikamwambia amuulize. Akasema, “Si ataniona sijui kitu?”

Ndiyo, Latifa, atakuona hujui. Na kweli hujui, siku ya kwanza nani anajua? Basi nakuambia wewe na mwenzako yeyote anayeingia kazi mpya, jikoni, karakana au ofisi yenye feni. Neno ulilozaliwa nalo usidhani umelimaliza. Ukifika kwa watu, lisikilize upya. Uliza kipi, cha nini, cha nani, kabla hujaondoka na si baada ya kurudi. Na wewe uliyetangulia kazini, ukimtuma mgeni, malizia sentensi yako, maana shangazi naye alikiri kosa lake.

Mungu akufungue mdomo pale haya inapotaka kuufunga. Akukutanishe na watu wa kukucheka kidogo na kukufundisha sana. Akupe umri, mwanangu, mpaka wewe ndiye unayeulizwa, na siku hiyo akujaalie jibu la upole.