Unyayo Kwenye Jivu

Nilipewa kibendera kwa sababu nilikuwa mchezaji mbaya. Siwezi kuficha hilo. Nilikuwa nashona magunia kwenye kiwanda cha unga hapa Nakuru, nina darasa la nne na miguu miwili isiyosikilizana, na timu ya kiwanda iliniweka akiba mpaka nikazoea benchi kama kitanda. Siku moja refa akaniita kando. "Wewe una mbio lakini huna mpira," akasema. "Njoo kwangu."

Refa alikuwa seremala, mtu mzima, mpole mpaka apulize filimbi. Alitufundisha kwenye karakana yake, mimi na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, tukiwa tumechuchumaa juu ya maranda. Alichora uwanja sakafuni kwa penseli, akaweka misumari mitatu. Msumari mrefu ulikuwa yeye. Huo ulikimbia mshazari, kutoka kona hii mpaka kona ile ya mbali. Ile mifupi ilikuwa sisi, washika laini, kila mmoja upande wake na nusu yake. Yangu ilikuwa nusu iliyoelekea ziwani. Kazi yangu ilikuwa kwenda sambamba na beki wa mwisho: akirudi nyuma narudi, akipanda napanda, ili mpira ukipigwa nijue kama mshambuliaji amemtangulia beki, yaani yuko ofsaidi, au hapana.

"Mimi sina macho kisogoni," refa alisema. "Upande huo macho yangu ni wewe. Ukiinua, napuliza. Siulizi."

"Na nikikosea, mzee?"

"Tutagombana hapa kwenye maranda. Kule mbele ya watu kibendera kikipanda hakishuki. Nikikukatalia mara moja, kila Jumamosi watatukatalia sisi sote watatu."

Dresa akacheka. "Mwambie pia aache kuangalia ndege."

Alinijua. Ziwa linaonekana kutoka uwanja wa lokesheni, mtaa wetu sisi Waafrika, na wale ndege wa rangi ya waridi wakiruka wote pamoja, mimi huondoka nao. Nikiwa mdogo nilidhani kuna nchi wanakokwenda ambako kila kitu kina rangi hiyo. Hata sasa sijaacha kabisa kudhani hivyo.

Jumamosi ninayoandika habari zake, mvua ilinyesha adhuhuri ikakatika. Mistari ilikuwa imechorwa kwa jivu, na jivu lilikuwa limelowa likawa kama uji. Timu ya shamba moja la Molo ilishuka na lori la viazi kucheza na mafundi wa hapa mjini. Kabla ya mchezo, washika laini hukagua njumu na kucha. Nikamfikia winga wao wa kushoto. Alikuwa pekupeku, na kidole chake kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake.

"Hiki kinaogopa baridi ya Molo?" nikamuuliza.

"Kinachungulia Nakuru, bwana," akasema, tukacheka. Kisha akashusha sauti. "Leo timu ya mji inachagua mtu mmoja. Anayechaguliwa hutafutiwa kazi na kibali cha kukaa hapa. Mama yangu anaishi lokesheni hii. Bila kibali siruhusiwi kulala kwake hata siku moja."

Zilikuwa siku zile za hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na waasi wa msituni, na watu wa kabila lake hawakuruhusiwa kutembea bila karatasi. Nikamwambia, "Basi cheza." Ningeweza kusema nini kingine?

Mama mwenyewe alikuja kusimama nyuma yangu, karibu na kona, amekumbatia sweta ya kijana wake. Mchezo mzima nilisikia pumzi yake. Kila mpira ulipofika kushoto alisema polepole, "Haya, baba. Haya, baba."

Dakika za mwisho, bila kwa bila. Mafundi walikuwa wakishambulia upande wa dresa, na beki wao wa mwisho alikuwa amepanda hadi katikati. Nami nilipanda naye, kama nilivyofundishwa. Halafu ndege wakaruka. Ziwa zima likainuka, na jua la baada ya mvua likawapiga kwa chini. Sijui niliangalia muda gani. Niliporudisha macho, beki alikuwa ameshakimbia kurudi karibu na goli lake, mimi niko hatua kumi nyuma, na kiungo wa Molo alikuwa tayari ameupiga mpira mrefu. Yule winga alikuwa peke yake mbele ya kipa. Akafunga.

Mkono wangu ulikuwa juu. Sikuutuma. Niliona mtu peke yake, nikaona aibu ya kutojua, na mkono ukapanda. Refa akageuka, akanitazama. Akanitazama tena. Akapuliza: si goli.

Watu wa Molo walinitukana matusi ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia. "Wewe kitambaa! Ulikuwa umelala wapi?" Lakini winga hakutukana. Alikuja mpaka kwenye laini. "Nilingoja," aliniambia. "Nilisimama pale nikangoja mpaka kiungo akaupiga." Kisha akaondoka akitembea, na dakika zilizobaki hakugusa mpira.

Mama akanigusa begani. "Mwanangu, uliona vizuri?"

"Niliona, mama," nikasema.

Akakubali. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliitikia kwa kichwa, akaikunja sweta upya, akaenda kumpa kijana wake kabla lori halijaondoka. Timu ya mji ilichagua kipa wa mafundi.

Uwanja ulipobaki mtupu nikaenda kwenye mstari wa boksi. Nyayo zilikuwapo jivuni. Miguu miwili sambamba, vidole vimezama ndani sana, nyayo za mtu aliyesimama akingoja kuchomoka. Ule wa kulia ulikuwa na kidole kidogo kilichopanda. Na hatua nzima mbele yake, upande wa goli, alama za njumu za beki. Alikuwa halali kabisa. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuweza kuufuta ule unyayo, wala sikuweza kuupita. Tangu siku hiyo nauona kwenye unga uliomwagika kiwandani, nauona kwenye vumbi la mlangoni kwangu asubuhi, kana kwamba mtu amesimama hapo akingoja niseme.

Jumatatu jioni nikaenda karakana, nikamwambia refa mbele ya dresa. Refa aliendelea kupiga randa.

"Nilikuona," akasema. "Uko nyuma hatua kumi."

"Sasa mbona ukapuliza?"

"Kibendera kilikuwa juu." Akaacha kupiga randa. "Nilikuwa nangoja ukishushe."

"Na mimi nilikuwa nangoja unikatalie."

Tukamtazama dresa. "Mimi nilikuwa upande wa pili," akasema, bila mzaha safari hii. "Ile si sehemu yangu." Na ilikuwa kweli. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika sheria yake.

Ilinichukua mpaka Jumamosi kupata ujasiri wa kwenda kwa yule mama. Chumbani mwake nilimkuta mtu mwingine akikaanga vitunguu. "Walipakiwa kwenye malori ya serikali Jumatano, watu wa mstari wote huu wa vyumba," akaniambia. "Wamerudishwa kwao. Wewe ni mtoto wake?"

Nikasema hapana. Madereva wa viazi wa Molo nao niliwauliza, mmoja baada ya mwingine. "Yule wa mpira? Shamba lile hayuko tena." Hakuna aliyejua zaidi.

Mwezi uliofuata tulichezesha uwanja uleule. Nilikuwa nakimbia kurudi na beki nikateleza kwenye tope, na nilipoinuka mpira ulikuwa wavuni. Watu wakaanza, "Ofsaidi! Inua, wewe!" Mkono ukaanza kupanda wenyewe. Nikaushika kwa mkono wa pili. Refa alikuwa ananitazama. Nikapaza sauti, "Sikuona!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. "Hajaona! Amewekwa hapo aone, na hajaona!" Refa akaamua mwenyewe, akaonyesha katikati: goli. Nami nikageuka nyuma, karibu na kona, pale alipokuwa amesimama na sweta. Hapakuwa na mtu, ni majani tu yaliyolala.

"Sikuona, mama," nikasema polepole.

Kisha filimbi ikalia, nikakimbia kurudi sambamba na beki.