Vikuku vya Nyasi

Épiphanie alijifunza usonara akiwa na miaka kumi na minne, huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, ambako wazazi wake Wanyarwanda waliishi kama wakimbizi. Sonara jirani yao alikuwa na watoto watatu wa kiume waliokataa kazi ya moto, basi akamwita binti wa jirani amshikie koleo. Alipohamia Kigali na familia yake mwaka 1995, alikuja na ufundi huo, vyombo vichache, na kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichojaa picha za mapambo ya watu wa kale. Leo ana miaka hamsini na tisa. Karakana yake iko Nyakabanda, na humo hutengeneza pete za arusi, huunga heleni zilizovunjika, na hugombana na wateja wanaotaka kumfundisha kazi.

Lillian aliingia karakanani mwezi wa sita. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, aliyelelewa Kampala, mwenye simu mbili na haraka isiyoisha. Alikuwa anaandaa maonyesho ya wiki moja kuhusu historia ya mapambo, akataka atengenezewe mifano ya vitu vya kale: mkufu wa Misri, taji la majani ya dhahabu la mama mmoja mkubwa wa mji wa Uru, shanga za kombe, na kadhalika. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Épiphanie alipata kazi aliyoitamani. Alifungua kitabu chake akaanza siku ileile.

Furaha hiyo haikufika Ijumaa. Lillian alituma ujumbe kwamba lile taji la Uru lipewe jina la malkia wa Misri, kwa kuwa Misri inajulikana.

"Uru iko Iraki," Épiphanie alimwambia kwa simu. "Na yule mama alizikwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya huyo malkia wako."

"Mama, nani atajua?"

"Mimi."

Wiki iliyofuata Lillian akataka mawe mekundu yatolewe kwenye taji hilohilo, yawekwe ya kijani, yapendeze kwenye picha. Épiphanie akamweleza kwamba yale mekundu ni akiki, na kwamba watu wa Uru waliyaagiza kutoka bonde la Indus, safari ya miezi baharini na nchi kavu, na ndiyo maana yaliwekwa kichwani mwa mtu mkubwa. Lillian akasikiliza, akashukuru, halafu jioni akatuma picha ya mawe ya kijani.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuja kwa Rwanda.

"Kwa Rwanda nataka taji la dhahabu," alisema Lillian. "La mwanamke wa ikulu ya zamani."

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna taji la dhahabu. Huku kulikuwa na shaba, chuma, shanga, na nyasi. Mama akizaa alivaa urugori kichwani, ukanda wa bua la mtama. Na miguuni wanawake wakubwa walivaa ubutega, vikuku vya nyasi vilivyosukwa vyembamba kama uzi, mamia kwa mamia, toka kifundo cha mguu mpaka karibu na goti. Bibi yangu alivaa."

"Lakini hii iko majani, mama. Misri wameweka dhahabu, sisi tuweke majani?"

Épiphanie aliweka nyundo chini. Akamwambia kwamba akitaka taji la uongo, aende mjini, mafundi ni wengi. Lillian, ambaye siku zilikuwa zimemwishia, akakubali nyasi.

Sasa tatizo likawa la Épiphanie mwenyewe. Yeye ni mtu wa chuma. Kusuka nyasi hajui. Akauliza kanisani, akauliza sokoni, mpaka akaelekezwa Busanza, pembezoni mwa jiji, kwenye majumba ya ghorofa, kwa mukecuru mmoja aitwaye Béatha, ajuza wa miaka themanini na mitano aliyekuwa akianika nyasi kwenye kizuizi cha ngazi huku majirani wakilalamika.

Béatha alimpokea, akamtazama vidole. "Hivi ni vya kufulia chuma," alisema. "Kaa."

Épiphanie alikaa mkekani wiki tatu, kila siku isipokuwa Jumapili. Alipasua nyasi, akaziloweka, akasuka, akampa bibi. Bibi akafumua. Akasuka tena. Bibi akafumua tena, bila hasira, kama mtu anayemenya ndizi.

"Mukecuru, hiki kina kosa gani?"

"Ukikivaa utalijua."

Mwishowe walipata vikuku themanini. Kumi na kimoja vilikuwa vya Épiphanie.

Siku ya ufunguzi, Jumamosi asubuhi, Épiphanie alimchukua Béatha kwa teksi wakaenda pamoja. Taji la Uru lilikuwa katikati ya ukumbi chini ya taa, na mawe yake mekundu na jina lake sahihi. Ubutega ulikuwa pembeni, kwenye meza fupi karibu na mlango wa choo, umepangwa juu ya mfano wa mkono uliochongwa kwa mti. Kibao kilisema: "Bangili za mikono, Afrika ya kale."

"Za miguu," Épiphanie alimwambia Lillian, akijizuia sauti isipande. "Na Afrika ina nchi. Nilikuandikia kwenye karatasi."

"Nitabadilisha, mama. Wageni wameshaingia."

Walipogeuka, Béatha alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlinzi, viatu amevua. Alikuwa amemtuma mlinzi beseni la maji. Akachovya vikuku kimoja kimoja, akavipitisha kwenye kisigino, bila kumtazama mtu. Ilimchukua karibu saa nzima. Lillian alimbembeleza kwa sauti ya chini, akamwita nyanya, akamwita mama, haikusaidia. Watu wakaacha dhahabu, wakaja kusimama pale.

Alipomaliza aliinuka akatembea ukumbi mzima. Alitembea polepole mno, miguu ikipishana kwa nafasi, kwa sababu miguu iliyobeba vikuku vingi haiwezi kukimbia.

"Sasa tuvitoe, nyanya," alisema Lillian.

"Vikikauka havitoki, mpaka vikatwe. Naenda navyo."

Épiphanie alikasirika. Wiki tatu. Alimfuata nje, akamkuta amekaa ukutani akingoja teksi.

"Mukecuru, ungeniambia."

"Ungekataa." Béatha alijipapasa mguu. "Mama yangu alivaa hivi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba akamwambia avikate, watu wanatucheka kwamba tumebaki nyuma. Akavikata kwa kisu cha jikoni, akavitia motoni. Mimi nilikuwa nimeahidiwa vyangu mwaka ule."

Épiphanie aliketi ukutani kando yake. Hasira hata hivyo haikuisha; ilibaki tu haina pa kwenda.

Maonyesho yaliendelea. Kibao kilibadilishwa Jumatano, ingawa meza ilikuwa tupu. Lillian, alipoona wageni wanauliza habari za yule bibi, alimwomba aje kila siku. Béatha alikuja mara mbili, kwa saa aliyotaka mwenyewe, akawaeleza wageni waliosimama mbele ya taji la Uru kwamba ile si dhahabu, ni shaba ya Nyakabanda, na kwamba aliyeitengeneza bado hajui kusuka. Lillian alimpigia Épiphanie amzuie. Épiphanie akamwambia amzuie mwenyewe.

Kisha shule moja ikaomba vikuku vingine vya kuwaonyesha wanafunzi. Épiphanie alikubali kabla hajafikiri. Tangu hapo, kila Alhamisi hufunga karakana, hupanda ghorofa za Busanza, na kurudi akilalamika kwa kila jirani kuhusu mgongo, kuhusu nyasi, kuhusu bibi asiyejua kusifu mtu. Mwezi uliopita alisuka vikuku thelathini. Béatha alikubali tisa.