Mkwe Nyuma ya Pazia

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Felicitas ni vidole vyake. Havitulii. Akizungumza nawe sebuleni kwake Kitendaguro, hucheza juu ya goti kana kwamba vinaandika yale anayoyasikia. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja mjini Bukoba, na baada ya kustaafu alinunua kompyuta, akaifunika kitambaa cha kufuma kama wengine wafunikavyo redio.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyomuunganisha na Edvina, mwanawe wa pekee, aliyeolewa Kemondo na Clavery. Kwenye simu Edvina hakuweza kusema neno, maana mumewe aliipekua kila jioni. Basi akipata nafasi kwenye kompyuta ya shule anakofundisha, alimwandikia mama yake barua pepe. Humo Felicitas alisoma habari za vipigo. Humo pia, mwezi wa sita, alisoma kwamba Edvina anakimbilia Ijumbi, Muleba, kwa shangazi yake Kokushubila.

"Usimwambie mtu, Mama."

Hakumwambia mtu. Hata katika sala alilitaja jina la mwanawe bila kutaja mahali.

Lakini wiki haikuisha, Clavery akatokea Ijumbi kwa pikipiki, moja kwa moja hadi mlangoni kwa Kokushubila, bila kuuliza njia. Majirani walimnyang'anya mkono wa mkewe alipokuwa akimburuta kati ya migomba. Jioni ile Edvina alipiga simu. Hakulia.

"Nilikuambia wewe peke yako," alisema, akakata.

Tangu hapo namba yake haikupatikana. Aliondoka Ijumbi bila kusema anakokwenda.

Felicitas aliyabeba maneno hayo shambani, jikoni na kanisani. Mwishowe akajiuliza: kama sikusema mimi, nani mwingine aliisoma ile barua? Akaifunga kompyuta kwenye shuka, akaipeleka mjini kwa Manish, fundi aliyezaliwa Bukoba katika duka hilohilo ambamo babu yake aliuza vitambaa.

"Waitu Mama Edvina! Mashine hii bado inapumua?" Manish alicheka. "Mimi nilidhani tumeshaizika."

"Itazame kwanza, mwanangu. Utani baadaye."

Aliitazama, na kicheko kikamwisha.

"Mama, nani mwingine aliigusa? Humu kuna programu ya ujasusi. Kila herufi unayobonyeza na kila barua unayofungua inanakiliwa, anatumiwa mtu. Na hii haikuingia kwa bahati mbaya. Mtu ameiweka akiwa ameketi kwenye kiti chako."

Felicitas alikumbuka Pasaka. Clavery alikuja na sukari na nyama, akasema amesikia kompyuta ya mama imekuwa nzito, ataisafisha. Mama mkwe hamkodolei macho mkwewe. Ndivyo Felicitas alivyolelewa. Alisimama nyuma ya pazia, akamtajia neno la siri kutoka hukohuko, kisha akaenda jikoni kumpikia ebitoke, ndizi za kupika. Kwa heshima hakuchungulia hata mara moja. Clavery alipomaliza, alimshukuru.

"Yeye anamchimbia mwanangu kaburi," alimwambia Manish, "na mimi jikoni namchagulia ndizi laini."

Manish alichomoa waya wa mtandao.

"Usimwandikie Edvina kwa mashine hii. Tusiifute leo pia. Napiga picha kila kitu, upeleke dawati la jinsia, polisi. Wakisharidhika, nitafuta vyote na kuweka mfumo mpya. Maneno ya siri tunabadilisha sasa hivi kwenye kompyuta yangu, na barua pepe yako haitafunguka bila namba inayotumwa kwenye simu yako. Na hilo neno jipya, Mama, hata mkwe—"

"Sina mkwe."

Polisi walipokea picha, wakaandika maelezo yake, wakasema wanayahitaji ya Edvina mwenyewe. Felicitas akaenda Ijumbi. Kokushubila alimpokea mlangoni, wala hakumletea kahawa ya kutafuna, ambayo hata mgeni asiyejulikana hupewa.

"Umekuja kuwaonyesha watu njia tena, wifi? Safari hii umemleta nani?"

Felicitas alimpa picha, akamweleza habari ya pazia na jikoni. Kokushubila aliketi kizingitini.

"Mawe, mama yangu! Hata mimi nisingechungulia," alisema taratibu. "Sijui aliko. Hunipigia kwa namba ngeni. Nitamwambia, lakini kuamini ni juu yake."

Jana Kokushubila alipiga simu. Edvina amekubali kuja polisi Bukoba asubuhi ya leo.

"Alisemaje juu yangu?" Felicitas aliuliza.

"Alisema atakuja."

"Juu yangu, wifi."

"Alisema atakuja, basi."

Felicitas yuko kwenye benchi nje ya dawati tangu ofisi haijafunguliwa. Askari wa kike amemwambia mara kadhaa aingie ndani kwenye kivuli, naye amekataa, kwa sababu ndani haoni barabara. Gari la abiria linapunguza mwendo getini. Anasimama.