Baukje aung'oa mfumo mkongwe kabla barafu haijayeyuka

"Sitaki kusikia habari za Machi," anasema Baukje Terpstra, bisibisi mkononi. "Machi barafu itakuwa maji, na bata watakuwa wanaogelea humo."

"Katiba ni katiba," anajibu Mzee Foppe Wiersma, mwenyekiti. "Mali ya chama haitupwi bila kikao, na kikao ni Machi."

Ni Alhamisi, saa nne asubuhi, ndani ya kibanda cha chama cha barafu cha Westerwier, kijiji cha watu mia tisa katika jimbo la Friesland. Nje, wanaume wawili wanafagia theluji juu ya mfereji ulioganda. Ndani, kompyuta ya chama iko mezani, ubavu wazi, na hawa wawili wanabishana tangu kikombe cha kwanza cha kahawa.

Mali inayogombaniwa ni mfumo endeshi wa miaka kumi na saba, uliobaki kwenye diski ya pili ya kompyuta hiyo. Hakuna anayeutumia. Lakini umejaza diski hadi matokeo ya mbio za kuteleza kwenye barafu hayana pa kuandikwa. Tena kila kompyuta inapowashwa, inauliza iamke na mfumo upi. Usipojibu ndani ya sekunde thelathini, inaamka na huo wa zamani, ambao haukitambui kabisa kifaa cha kupima muda.

Kwa hiyo lazima mtu akae kando yake. Mara ya mwisho mfereji ulipoganda vya kutosha, miaka tisa iliyopita, mtu huyo alikuwa Baukje. Kijiji kizima kiliteleza kutwa juu ya barafu, kwa viatu vya vyuma. Yeye alikaa humu akiilea mashine kama mtoto mwenye surua.

Na kwa nini haikutengenezwa miaka yote hiyo? Kwa sababu hapa hakuna barafu, hakuna kompyuta. Chama huiwasha mfereji ukiganda, basi.

Keshokutwa kuna mbio. Baukje ana miaka hamsini na sita, na amepania kuteleza.

"Nikingoja tena miaka tisa, mtanisukuma kwenye kiti cha magurudumu," anasema.

Hakuzaliwa fundi. Alifungasha jibini kiwandani kwa miaka kumi na tisa, hadi kiwanda kilipofungwa. Akiwa na miaka arobaini na moja, watoto wawili nyumbani, alijiandikisha masomo ya jioni ya ufundi wa kompyuta. Darasani alikuwa mwanamke pekee, na ndiye pekee aliyekuja na mkate wake. Mumewe alimtania hadi siku alipookoa picha zote za harusi yao kutoka kwenye diski iliyokwama. Utani ukaisha siku hiyo.

Sasa huzunguka vijiji sita kwa baiskeli, vifaa vyake ndani ya mifuko miwili ya nyuma. Hutoza euro thelathini kwa saa. Mwezi mzuri huingiza euro 1,900. Mwezi mbaya, 700. Chama cha barafu hakilipi kitu. Barafu, anasema, ni ya watu wote.

Kazi ya leo anaiheshimu, kwa kuwa iliwahi kumwaibisha. Miaka sita iliyopita alifuta diski ya zamani ya daktari wa mifugo, msimu wa kondoo kuzaa. Kompyuta haikuamka tena. Aliyeweka mfumo mpya hakuichomoa kwanza diski ya zamani, hivyo faili za kuamshia mashine zilijiandika huko huko.

"Nilibomoa nyumba ya zamani, kumbe mlango wa nyumba mpya uko humo," anasema. "Siku mbili nimeketi pale, wafugaji wamejipanga nyuma yangu wananikoholea."

Tangu hapo hafuti kitu kabla ya kuhamisha mlango. Na kompyuta ya chama, amekwisha kuona, ina kasoro ile ile. Asubuhi hii faili za kuamshia amezihamishia diski mpya. Kilichobaki ni kufuta, na mwenyekiti ameweka mkono juu ya kibodi.

Baukje anamuuliza waziwazi anaogopa nini. Mzee anazungukazunguka kwa maneno, kisha anakiri: ni matokeo. Yote tangu mwaka 1961 yamo kwenye diski hiyo, pamoja na ushindi wake wa mwaka 1974, wa pekee maishani.

Baukje anatoa diski ndogo yenye nakala mfukoni mwa koti, anaichomeka, anamfungulia ukurasa. Wiersma, F., wa kwanza. Mzee anausoma mara mbili.

"Mzee wangu, natupa gunia. Sukari naiacha pale pale, na nyingine nimeweka kwenye kopo."

Mzee anaondoa mkono. Lakini kikao, anasema, bado kinatakiwa.

Wakati huo anaingia Wytske Dijkstra, mtunza hazina, na sufuria la supu ya njegere. Anasikiliza huku akivua glavu.

"Katiba inasema wajumbe watatu wakikutana ni kikao. Machi haimo, Foppe. Machi ni mazoea yako tu."

Anafungua dirisha na kuwaita wafagiaji, ambao nao ni wajumbe. Foppe anafungua kikao kwa kugonga sufuria kwa upawa. Anasoma ajenda, ambayo ni moja. Nje, mifagio miwili inapanda juu. Wytske anainua kijiko. Mwenyekiti anakuwa wa mwisho kuinua mkono, kisha anaagiza iandikwe kuwa ni kwa kauli moja.

Baukje hapotezi muda. Anachomoa diski ya zamani na kuwasha: kompyuta inaamka bila hiyo. Anazima, anairudisha, anawasha tena na kuagiza folda za mfumo wa zamani zifutwe. Mashine inakataa. Inamjibu kwamba hana ruhusa.

"Unaona?" anasema Foppe. "Hata yenyewe inajua katiba."

Baukje anajipa umiliki wa folda hizo, moja baada ya nyingine, na kuagiza upya. Safari hii zinakwenda, kisha anafuta na jina la mfumo huo kwenye orodha ya kuamshia. Nafasi iliyokuwa gigabaiti tatu inafika arobaini. Anafungua matokeo ya mwaka 1961: yapo. Anazima, anawasha, anakunja mikono. Sekunde thelathini zinapita. Kompyuta haiulizi kitu.

Wytske anauliza nani atakaa nayo Jumamosi.

"Hakuna. Itakaa yenyewe."

Matumaini yake ni madogo, na anayasema bila haya: amalize kilomita ishirini kabla ya giza, na supu isiwe imekwisha. Anavuta kibodi, anafungua orodha ya washiriki, ambayo bado ni tupu, na kuandika: Terpstra, B., kilomita ishirini.

Foppe anampa kidude namba moja cha kupimia muda, ambacho kila mshiriki hukivaa mguuni. Mbio ni keshokutwa, lakini Baukje anakifunga kwenye kifundo cha mguu hapo hapo, juu ya soksi ya sufu.